Tusiombe kamiyo ya takataka, tuombe parseli ya mboji

Ndugu wanakoperative wa Tenke na wa vijiji vya pembeni,

Mahindi yametoka shambani, karanga iko ndani ya magunia, na sasa tuko katika miezi ya mikutano. Katika mikutano hiyo kuko swali moja ambalo halikosi: tuandike nini kwenye orodha ya mahitaji ya mtaa wetu? Watu wanataja maji, shule, barabara. Halafu mtu mmoja anasimama kusema juu ya uchafu wa soko, na wote wanaitikia: tupewe kamiyo ya kubeba takataka.

Sisi maagronomu tunaotembea na koperative zenu tunaelewa ombi hilo. Uchafu unachosha macho na pua, na bamama wanaouza karibu na jalala njo wa kwanza kuumia. Lakini leo tunataka kusema maoni yetu wazi, hata kama hayatampendeza kila mtu. Kamiyo si kitu cha kwanza cha kuomba. Cha kwanza ni parseli: kipande cha ardhi chenye lupango, karibu na soko, chini ya mkono wa koperative, mahali pa kugeuza takataka inayooza kuwa mboji. Mboji hiyo irudi kwenye bustani zenu, kwenye mashimo ya miti ya avenyu, na kwenye viwanja vilivyobaki udongo mtupu.

Tueleze sababu zetu.

Tenke ni kama kisiwa

Hatuna bahari hapa. Mji wetu ulikua kwa ajili ya reli: ni hapa njia ya Dilolo na Angola, ile inayofika mpaka bandari ya Lobito tangu mwaka 1931, inaachana na njia inayopanda kwenda Kamina. Lakini tazameni vizuri mahali tulipo. Kuzunguka kwetu ni vilima vya shaba na kobalti, na konsesyoni ya Tenke Fungurume peke yake inachukua zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Mwenye kulima anajua maana yake: huwezi kuamka asubuhi ukaenda kufungua shamba popote unapopenda. Na kama shamba ni shida kupata, mahali pa kutupia uchafu ni shida zaidi.

Mtu wa kisiwani anajua jambo moja kabla hajaenda shule: unachotupa hakiendi mbali. Kinarudi na maji. Kule Lamu, kwenye pwani ya Kenya, watu waliona plastiki inarudi ufukweni kila siku, mpaka mafundi wa majahazi wakatengeneza chombo kizima kwa plastiki iliyookotwa. Kinaitwa Flipflopi, na mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Hatusemi nasi tutengeneze jahazi. Tunasema wale watu waliacha kuuliza "tupeleke wapi?" wakaanza kuuliza "tufanye nini nacho?"

Swali hilo la pili ndilo letu pia. Korongo ambalo leo tunalijaza uchafu, maji ya mvua ya Novemba yatapita palepale, yashuke bondeni kwenye visima na kwenye bustani za lengalenga. Tukipata kamiyo, itabeba uchafu mpaka wapi? Mpaka korongo lingine, lenye kijiji kingine chini yake. Huko pia kuko koperative, na wenyewe ni ndugu zetu.

Nusu ya uchafu si uchafu

Simameni sokoni jioni, saa bamama wanafunga meza, muangalie kinachobaki chini. Majani ya shu yaliyonyauka. Maganda ya ndizi, ya miwa, ya karanga. Mashina ya sombe na matembele. Tomati zilizopasuka njiani. Magunzi ya mahindi. Juu ya vyote, sashe.

Ripoti ya Banki ya Dunia ya mwaka 2018 juu ya takataka inasema kwamba katika nchi zenye mapato madogo, zaidi ya nusu ya takataka yote ni mabaki ya chakula na ya mimea. Hatuhitaji ripoti ili tuone hivyo katika soko letu, lakini ni vizuri kujua kwamba hatuko peke yetu. Maana yake ni rahisi: zaidi ya nusu ya mzigo tunaotaka kulipia kamiyo ibebe ni kitu ambacho mkulima anakihitaji shambani.

Tunaharibu wapi? Tunaharibu wakati wa kuchanganya. Tuseme ukweli juu ya salongo. Ni desturi nzuri, watu wanatoka Jumamosi na jembe na ufagio, mtaa unapendeza mpaka Jumatatu. Lakini salongo yetu inakusanya, haitenganishi. Majani, sashe, betri za tochi na za redio, chupa zilizovunjika, vyote vinaingia katika lundo moja, na mwishoni mtu anawasha kiberiti. Moshi wa plastiki unaingia nyumbani, na kile ambacho kingekuwa mboji kinageuka majivu yenye sumu ambayo haifai hata kumwagwa kwenye kitalu.

Sheria juu ya sashe tayari iko. Dekreti namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki katika nchi yetu. Kila mmoja wetu anaona sokoni kama sheria hiyo inafuatwa ao hapana. Rwanda walikataza mifuko hiyo tangu 2008, na wakaunganisha katazo na kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda. Funzo tunalochukua hapo si ukali wa polisi. Ni kwamba sheria inashika mahali ambapo watu wako na kazi ya kufanya pamoja, na kazi yenyewe inaonekana faida yake.

Udongo wetu uko na njaa

Mwenye kulima hapa anajua hii shida bila kufundishwa. Udongo wetu mwekundu ni mzee, mvua za miaka mingi zimeuosha, umekuwa na asidi na unashika vibaya chakula cha mimea. Ukitia fosfori, sehemu yake inakamatwa na udongo wenyewe kabla mahindi hayajaipata. Njo maana mtu ananunua NPK 10-20-10 na urea kwa feza nyingi, mahindi yanakuwa kijani wiki tatu, kisha mvua kubwa inaosha, na mavuno hayalingani na kile alicholipa.

Mboji inasaidia kwa njia ambazo angre peke yake haiwezi. Inashika maji, kwa hiyo mmea unavumilia siku kumi bila mvua mwezi wa Januari. Inashika chakula kisioshwe. Inapunguza ukali wa asidi, hasa ukiitumia pamoja na chokaa, ile inayotoka upande wa Kakontwe karibu na Likasi. Inaleta minyoo na vijidudu vinavyofungua udongo.

Tusidanganyane hapa. Mboji haiondoi angre yote. Hebu tupige hesabu. Lundo lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1 na nusu, kimo cha mita 1 na sentimita 20, ni kama metrekibu 5 za majani. Likishaoza linabaki kama nusu, yaani burweti 40 hivi. Ukitia viganja viwili katika kila shimo la mahindi, burweti hizo zinatosha karibu sehemu moja ya tano ya hektari. Ni kidogo? Kwa mtu mwenye hektari 3, ni kidogo. Lakini kwa mama mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba, ni msimu mzima. Na ukiweka burweti moja kwa kila shimo la mti, lundo moja linapanda miti 40. Avenyu nzima hiyo.

Vumbi si shauri la urembo

Watu wengine wakisikia "nafasi za kijani" wanafikiri ni maua ya wazungu mbele ya ofisi. Katika Lualaba, kijani ni shauri la afya.

Mnakumbuka Kasulo, kule Kolwezi. Mwaka 2014 watu waligundua madini ya kobalti chini ya nyumba, na bakrezeri wakaanza kuchimba katika parseli na hata ndani ya vyumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima damu na mkojo wa watu wa mtaa huo, pamoja na vumbi la nyumba zao. Matokeo yalitoka mwaka 2018: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wa mtaa waliolinganishwa nao, na watoto njo waliozidi. Sababu ni nyepesi kuelewa. Mtoto anacheza chini, anatia mikono mdomoni, anakula vumbi.

Tenke si Kasulo, na hatutaki kumtia mtu woga bure. Lakini sisi pia tuko kati ya vilima vya madini, upepo wa Agosti unavuma kwetu pia, na viwanja vyetu vingi ni udongo mtupu uliofagiliwa mpaka unang'aa. Desturi ya kufagia lupango kila asubuhi ni desturi ya usafi, tunaiheshimu. Lakini udongo mtupu ndio unaotoa vumbi. Udongo uliofunikwa na majani mafupi, na mti unaovunja upepo kando ya barabara, unapunguza vumbi kabla halijaingia kwenye sahani ya bukari.

Na majani hayashiki kwenye udongo wenye njaa. Hapo tunarudi kwenye mboji. Kule Lubumbashi, katika mtaa wa Penga Penga, upande ambao moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa unapelekwa na upepo, udongo ulijaa shaba mpaka majani yakakataa kuota. Watafiti walijaribu majani ya asili ya Katanga, pamoja na chokaa na mbolea ya asili. Chokaa na mbolea hiyo vilipunguza kiasi cha shaba ambacho mmea unaweza kunyonya, na majani yakashika ardhi. Muangalie vizuri tunachosema: shaba haikuondoka, ilifungwa tu. Kwa hiyo mahali penye mashaka ya madini, pandeni majani ya kufunika na miti ya kivuli. Msipande lengalenga wala shu ya kichina. Mboga za majani zinanyonya metali, na mboji haisafishi mboga hizo.

Kamiyo ao parseli?

Sasa tupime vitu hivi viwili kama vile mkulima anapima mbuzi sokoni.

Kamiyo inataka mazuti kila siku, shofa, pneu, na fundi. Siku itakapoharibika, na itaharibika, takataka inarundikana vilevile, na kipande cha kubadilisha kinasubiriwa miezi. Kamiyo haitoi kitu ambacho koperative inaweza kuuza. Ni mali ya mwenye kuilipia, na asipolipa tena, hakuna mnachoweza kufanya.

Parseli inataka lupango, kisima ao pipa za maji, kivuli cha majani, burweti tatu, nyuma za shamba za kugeuzia, na watu wanne ao watano wanaolipwa. Haiharibiki. Kila baada ya miezi mitatu inatoa mboji ambayo mwanakoperative anaichukua kwa bei ndogo na mtu wa nje kwa bei kamili. Pembeni yake mnaweka kitalu, ile pepinyeri, yenye miembe, miavoka, mipera, moringa. Mche wa avoka uliotunzwa vizuri unapata mnunuzi.

Tusikatae kabisa kamiyo. Iko kazi yake: plastiki, chupa, vyuma, vitu visivyooza. Lakini ukitoa kwanza kinachooza, mzigo unaobaki ni chini ya nusu, mkavu, bila harufu, bila inzi. Huo hautaki kamiyo ya kila siku. Ya kukodi mara moja kwa wiki inatosha. Kwanza parseli, kisha kamiyo. Mkifanya kinyume, mtabeba maganda ya ndizi kwa bei ya mazuti.

Namna ya kuanza

Hatua ya kwanza iko kwenye meza ya mama, sio kwenye parseli. Kila safu ya meza iwe na pubele mbili: moja ya vitu vinavyooza, moja ya vingine. Gunia la zamani la bunga linatosha kuwa pubele. Ikiwa kutenganisha hakufanyiki hapo, hakutafanyika mahali pengine, kwa sababu hakuna mtu atakayechambua uchafu uliokwisha kuchanganyika kwa mshahara mdogo.

Pili, kuko vitu ambavyo haviingii katika lundo kamwe: betri, majivu ya plastiki, mafuta ya moto na ya kamiyo, magunia yaliyobeba madini, na udongo uliofagiliwa mahali ambapo madini yanapimwa ao kamiyo zinaegesha. Hii ni sheria ya chuma. Siku moja ya uzembe inaharibu mboji ya miezi mitatu, na inaharibu jina la koperative kwa miaka.

Tatu, lundo lenyewe. Tabaka moja ya majani mabichi, tabaka mbili za vitu vikavu kama mabua ya mahindi na majani ya kichaka, kidogo cha mavi ya mbuzi ao ya kuku, kidogo cha udongo mzuri wa juu. Mwagieni maji mpaka ukikamua kiganjani yatoke matone mawili matatu, si zaidi. Wakati wa kiangazi fanyeni katika shimo la nusu mita ili maji yasipotee. Wakati wa mvua fanyeni juu ya ardhi na mfunike kwa majani ya ndizi.

Chomekeni kijiti kirefu katikati. Baada ya siku nne ao tano kichomoeni na mkishike: kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi, na moto huo unaua mbegu za magugu. Kikiwa baridi na kikavu, ongezeni maji. Kikiwa baridi na kinanuka, geuzeni na mwongeze vikavu. Geuzeni kila wiki mbili ao tatu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inavunjika mkononi, na inanukia kama udongo wa msitu baada ya mvua.

Majivu ya makala ya jikoni ni mazuri kwa udongo wenye asidi, lakini myatie shambani moja kwa moja, mbali na siku ya kutia urea. Yakikutana na urea ao mkiyajaza katika lundo, chakula kinaruka hewani kama harufu ya kuchoma pua, na hiyo ni feza yenu inayoruka.

Nne, miti. Chimbeni mashimo sasa, ya nusu mita kila upande, yapumue. Pandeni mvua ikishashika, Novemba ao mwanzo wa Desemba. Tarehe 5 Desemba ni siku ya taifa ya mti, na kila mwaka miti inapandwa mbele ya kamera. Kufa kwake kunatokea Julai, wakati hakuna mtu wa kumwagilia. Kwa hiyo kila mti uwe na jina la nyumba inayoutunza. Karibu na visima msipande kalitusi, inakunywa maji mengi. Na mpapu, masuku na mupundu iliyobaki katika parseli zenu, msiikate kwa makala. Miti hiyo ilijifunza udongo huu kabla yetu, na matunda yake watoto wanayapenda.

Feza inatoka wapi

Hapa njo tunaomba msikilize sana, kwa sababu wakati unapita. Kodi ya madini iliyorekebishwa kwa sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inasema mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza: kila kompani inayochimba inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na feza hiyo inasimamiwa na chombo ambamo wajumbe wa jamii wanakaa pamoja na wa kompani. La pili: katika ushuru wa madini, asilimia 15 ni ya utawala wa eneo ambamo mgodi uko. Tena kuko kaye ya majukumu, ambamo kompani na jamii wanaandika pamoja nini kitafanywa.

Kaye hiyo haiandikwi kila siku. Kikiandikwa "kamiyo moja", mtapata kamiyo moja. Kikiandikwa "parseli yenye lupango, kisima, kivuli, kitalu, na mishahara ya watu watano kwa miaka miwili ya kwanza, chini ya usimamizi wa koperative", mtapata kitu ambacho kitaendelea kutembea hata siku mgodi utafunga. Na migodi inafunga. Wazee wa Gécamines wanaweza kuwaeleza maana ya kompani kubwa kusimama.

Ili kusaini mkataba wa namna hiyo, koperative inahitaji karatasi zake. Chini ya sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu imo tangu Septemba 2012, watu watano tu wanaweza kuunda koperative ya namna nyepesi. Kama kikundi chenu bado hakijaandikishwa, anzeni hapo.

Watu watasema

Watasema: uchafu ni kazi ya serikali, siye tunalipa takse ya soko kila siku. Ni kweli, na haki hiyo muidai. Takse ya soko ilipe wasukuma burweti na pubele. Lakini kuidai haki hakuzuii kuchukua mali. Maganda yale ni mali, na mkisubiri serikali ije iyachukue, itayachukua kama uchafu, si kama mboji.

Watasema: mwanamuke wa soko hana wakati wa kutenganisha. Tunajibu: mpeni sababu. Kila gunia safi la vitu vinavyooza liandikwe kwenye daftari, na magunia kumi yampe haki ya burweti moja ya mboji ao mche mmoja wa avoka. Mama anayejua hesabu ya meza yake hatashindwa na hesabu hiyo.

Watasema: kuko watu wataiba mboji. Siku mtu ataruka lupango usiku kuiba kile ambacho jana alikitupa korongoni, tutajua kazi imefaulu.

Tunalowaomba

Kabla ya mkutano ujao, kila koperative ifanye mambo matatu. Chagueni watu watatu, angalau wawili wawe bamama wa soko, waende kumuona shefu wa mtaa na kutafuta parseli isiyo na madini wala kesi, umbali ambao burweti inafika bila kumchosha mtu. Tengenezeni lundo moja la majaribio mwezi huu, hata dogo, nyuma ya nyumba ya mwanachama mmoja. Likianza Julai, litakuwa tayari kabla ya mvua, na watu wataamini wanachoshika mkononi kuliko maneno yetu. Tatu, ombi la kamiyo libaki kwenye orodha kama mnataka, lakini lishuke namba ya pili.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lundo la kwanza likishatengenezwa, tuiteni kuligeuza. Tutakuja na nyuma zetu.